Nilivyokwenda Makka Bila Radhi ya Mama Zaina

Nilikwenda Makka kwa sababu shangazi yangu hakuwa na mwanamume mwingine wa kufuatana naye. Naanza na hilo makusudi, maana hapa Ujiji imekwisha enea hadithi ya kijana mcha Mungu aliyeitwa kuhiji kabla hata hajaoa. Hakuna aliyeniita. Shangazi Tausi ni mjane, hana mtoto wa kiume, na kaka yake, ambaye ndiye baba yangu, miguu ilikuwa haimchukui tena. Safari ile ilimtaka mwanamke awe na maharimu, yaani mwanamume wa karibu ambaye ni haramu kumwoa. Katika ukoo mzima nikabaki mimi.

"Utakwenda na mimi," aliniambia uani, akichuja mawese yake bila kuinua uso. "Usidhani ni kwa elimu yako. Ni kwa sababu huna kazi ya maana."

Kazi nilikuwa nayo: natengeneza redio. Elimu pia nilikuwa nayo, ila hakuna aliyenipa. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejisomea mwenyewe katika vitabu vilivyochakaa, nikivirudia mpaka nikavijua kuliko walionifundisha chuoni nikiwa mdogo. Matokeo yake nilikuwa mtu asiyeweza kutawadha mara moja akatosheka. Naosha mkono, natia shaka kiwiko, naanza upya. Watu wanamaliza rakaa nne, mimi bado niko kwenye miguu. Nilikuwa na birika langu la bati ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Na kwa ajili ya safari niliandika daftari zima la masharti ya hija, nikalinakili upya mara mbili kwa sababu wino ulikuwa umevuja ukurasa mmoja. Niliwadharau wote wanaokwenda kuhiji bila daftari.

Sasa nitaje kosa langu mapema, msomaji asije akanihurumia mahali pasipostahili.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Maboti yalikuwa yakivuka ziwa kutoka Kongo yamejaa watu mpaka ubavu unagusa maji, na amri ilikuwa kwamba wote wapelekwe kambini. Wengine walijificha mjini kwa watu. Kwetu alifika Mama Zaina kutoka Uvira, akiwa na mtoto wake mchanga, Zaina, na mama yake mzazi, Bi Nyota, kizee aliyezaliwa Kasongo. Shangazi aliwapa chumba cha uani. Babu yake shangazi naye alitoka Kasongo, akavuka ziwa hilohilo, tena hakuna aliyemwuliza karatasi. Nusu ya mtaa wetu ni watu wa namna hiyo, na nusu hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikiguna kwamba wakimbizi wamezidi.

Bi Nyota alikuwa akiharisha. Asubuhi moja alijikokota uani, akachukua birika langu, akajisafishia. Nililisugua birika lile kwa mchanga mara saba. Sikuridhika. Nikaketi, nikaandika barua ofisini kwa wahusika kwamba nyumba yetu ina watu watatu wasio na kibali, mmoja mgonjwa. Niliiandika mara tatu, na msidhani nilikuwa nasitasita. Mstari wa pili ulikuwa unapanda, haukunyooka.

Lori lilikuja siku ya nne, likawachukua. Shangazi alisimama mlangoni, akaogopa, akanyamaza. Alidhani ni majirani waliochongea. Nami nilimwacha adhani hivyo.

Ujiji, wiki ya kuaga. Desturi yetu anayekwenda Makka huzunguka nyumba kwa nyumba akiomba radhi. Nilimfuata shangazi na daftari langu, na sijawahi kuona kitu kilichofanywa ovyo kama kile. "Nisamehe niyajuayo na nisiyoyajua." "Nimekusamehe, na wewe nisamehe." Chai. Nyumba ya pili. "Kama nilikukosea..." "Hukunikosea." Chai tena. Watu walikuwa wanasameheana kama wanavyonunua maandazi. Katika daftari langu niliandika, kwa hati safi, kwamba radhi ya jumla haitoshi: mwenye kosa analitaja kosa lake kwa jina mbele ya aliyemkosea, vinginevyo deni la haki ya mja linabaki shingoni mwake. Nilimsomea shangazi maneno hayo njiani, kwa sauti ya kumfedhehesha kidogo.

Alisimama. "Ni kweli hiyo?"

"Ndivyo vitabu vinavyosema."

"Basi nina mtu mmoja bado," akasema. "Mama Zaina."

Nilijaribu kumzuia. Nilisema muda umekwisha, barabara mbaya, kibali cha kuingia kambini taabu. Alikitafuta kibali mwenyewe, siku moja tu.

Mwandiga, asubuhi. Tulipanda lori la mtu anayefuata maharage sehemu za juu, akakubali kutupitisha kambini. Shangazi alikaa mbele na dereva, mimi nyuma juu ya magunia matupu. Vumbi jekundu liliniingia puani, masikioni, katika daftari. Shangazi alikuwa na dumu la mawese mapajani kama mtoto. Nilisikia akimwambia dereva, "Huyu nyuma ni mwanachuoni, usimrushe, ataanza kutawadha upya."

Kidahwe. Tulisimama kutia maji kwenye injini. Akina mama wa pale walisalimiana na shangazi kwa Kiha, wakamcheka lafudhi yake ya Ujiji, wakaniuliza kama nami nakwenda Makka. Nikasema ndiyo. "Utuombee!" wakasema wote pamoja, nikaitikia kwa upole wa uongo.

Kambini, adhuhuri. Mistari ya vibanda vya matope na turubai, moshi wa kuni mbichi, foleni ndefu ya madumu kwenye bomba. Mama Zaina tulimkuta akichambua maharage ya mgao mlangoni kwake. Alikuwa amekonda. Zaina alikuwa ameanza kutembea. Bi Nyota hakuwepo.

"Ikaleni," akasema kwa Kiswahili cha kwao, akimaanisha tuketi. "Mama alifariki. Wiki mbili tu baada ya kufika. Njia ile ya lori ilimumaliza."

Shangazi hakuketi. Alipiga magoti katika vumbi, yeye mwanamke mzito ambaye hata nyumbani hainami kuokota chochote, akamshika Mama Zaina mikono. "Siku ile nilinyamaza," akasema. "Ningeweza kusema ni ndugu zangu. Ningesema hata uongo. Niliogopa askari, nikanyamaza, ukanitazama, nikaangalia pembeni. Hilo ndilo kosa langu. Nataka radhi kwa hilo."

Alilitaja. Kama nilivyomsomea.

Mama Zaina alilia kidogo, kisha akasema, "Mama Tausi, simama. Mimi sina maneno na wewe. Ulitupa chumba. Nimekusamehe, na Mungu asikie. Ila ukifika kule Arafa, umuombee mama yangu kwa jina lake. Nyota binti Kitenge." Halafu akanigeukia. "Na weye, kijana?"

Hapa ndipo safari yangu iliponiishia, na bado sikuwa nimepanda hata treni. Nilikuwa nimesimama, daftari kwapani. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yote, barua na mstari wa pili na kila kitu. Nikasema: "Kama kuna lolote nilikukosea, kwa kujua au kwa kutojua, tusameheane."

"Hamuna neno," akasema. "Nimekusamehe."

Maandazi. Nilinunua radhi yangu kama andazi, kisha nikafungua daftari nikajifanya naandika jina la marehemu. Sikuliandika. Ukurasa ulikuwa umejaa vumbi na sikutaka hati mbaya katika kitabu changu cha hija.

Kigoma, stesheni. Ndugu walikuja kutusindikiza, wanawake wakaimba, baba akanisomea dua. Treni ilichelewa nusu siku, kwa hiyo walituaga mara tatu, kila mara machozi yakipungua. Njiani Uvinza walituuzia chumvi dirishani, Tabora asali. Shangazi alinunua vyote viwili akasema Makka hakuna asali. Mimi nilikuwa nagombana na choo cha behewa, kilichokuwa kinayumba, na kila nikitoka naona nimerushiwa tone. Abiria wa behewa letu walifika Dar es Salaam wakijua majina ya viungo vyote vya udhu.

Dar es Salaam. Kiongozi wa msafara alikuwa mtu mwenye kitambi, kofia kubwa na filimbi ya refa. Alitupanga mistari kwa filimbi. Alisoma dua ya kupanda chombo baada ya ndege kutua. Nilimsahihisha mbele za watu. Alimgeukia shangazi, akamwuliza, "Mama, huyu ni mwanao?"

"Ni maharimu wangu," shangazi akajibu. "Huchagui."

Makka. Wengi huandika hapa kwamba walipoiona Kaaba walilia. Waliokuwa pembeni yangu walilia, ndiyo, tena wengine walilia wakitazama nguzo, maana Kaaba ilikuwa upande wa pili. Mimi nilikuwa nahesabu. Nilihesabu mizunguko saba ya tawafu kwa vidole; wa nne nikasukumwa na umati wa watu, nikapoteza hesabu, nikarudi kwenye wa tatu kwa tahadhari, nikatia shaka tena. Nilipotoka, jasho limelowanisha ihramu, zile shuka nyeupe za hija, shangazi alikuwa ameketi kwenye ngazi anakula tende.

"Nimezunguka saba," akasema. "Wewe mingapi?"

"Labda tisa."

"Mungu hana haraka, lakini magoti yangu yanayo. Twende kilimani Safaa."

Alifanya makosa mengi. Alijipaka mafuta yenye manukato akiwa bado katika ihramu, kwa kuzoea tu. Nikamwambia lazima fidia, naye akanikabidhi jambo hilo nilishughulikie kama vile nimemwambia mlango haufungiki. Alikosea maneno ya talbiya, ule wito wa mahujaji, akayasema hivyohivyo kwa sauti kubwa kuliko watu wote. Aliwapa wanawake wa Kinaijeria dagaa wa Kigoma aliowabeba kwenye mfuko, wakapatana bila lugha yoyote. Nilimwonea aibu. Pia nilimwonea wivu, na hilo nalisema kwa sababu nimejiahidi kutoficha. Yeye alikuwa anakosea akiwa na Mungu; mimi nilikuwa namfanyia Mungu ukaguzi.

Arafa, alasiri. Hema lilikuwa la moto kama tanuri ya kukaushia samaki. Wenzetu wengi walikuwa wamelala midomo wazi katika siku bora ya maisha yao, na kiongozi wetu mwenye filimbi akikoroma mbele ya wote. Shangazi alinivuta nje, tukasimama juani. Akainua mikono. Aliwaombea wazazi wake, mume wake, miguu ya baba yangu, wateja wake wa mawese, pamoja na mmoja mlaghai. Kisha akasema, bila karatasi: "Ya Rabi, mrehemu Nyota binti Kitenge, aliyekufa ugenini." Yeye asiyejua kusoma alikuwa nalo jina. Mimi nilikuwa na daftari.

"Amina," nikasema.

"Na yule aliyewaandikia askari, ya Rabi, usimwache apumzike mpaka akiri. Asipate usingizi, asipate ladha ya ibada yake."

Nilinyamaza.

"Sema amina."

Nikaangalia pembeni.

"We maharimu, umelewa jua? Itikia dua!"

"Dua hiyo siwezi kuiitikia, shangazi," nikasema. "Imekwisha kubaliwa. Ni mimi."

Nilimweleza birika, barua, mstari uliokuwa unapanda. Nilieleza kwa utaratibu, maana hata kukiri nilitaka nikiri vizuri. Hakunipiga. Hakupaza sauti. Mikono yake ilikuwa bado juu, ameisahau.

"Nilipiga magoti katika vumbi," akasema mwishowe, "na wewe umesimama nyuma yangu na daftari."

"Ndiyo."

"Ulinisomea njiani kwamba kosa hutajwa kwa jina."

"Ndiyo, shangazi."

Aligeuka, akaendelea na dua zake peke yake mpaka jua likatua. Sikujua alikuwa anaomba nini, na kwa mara ya kwanza sikuwa na hamu ya kumsahihisha.

Mina, na siku zilizobaki. Kanuni ilimlazimu kuwa nami. Hakuna iliyomlazimu kuniita jina langu. "Maharimu, nipe ndala." "Maharimu, shika mawe yangu." "Maharimu, uliza basi liko wapi." Nilirusha vijiwe vyangu kwenye nguzo ya shetani kwa idadi kamili, kila kimoja kwa takbira yake, na kila kimoja nilikiona kikirushwa kwa mtu wa karibu zaidi, yaani mimi. Siku ya kuaga Kaaba nilizunguka mara saba bila kupoteza hesabu. Hakukuwa na utamu wowote. Dua ya shangazi ilikuwa inafanya kazi.

Kigoma, kurudi. Sijui nani alipeleka habari, lakini stesheni ilikuwa imejaa dufu na kanzu. Walitupokea kwa kasida mpaka Ujiji, watu wanatusimamisha barabarani, wazee wa rika la babu yangu wananishika mkono na kunibusu kiganja. "Alhaji! Tuombee, Alhaji, kabla hujaingia ndani!" Maana inaaminika dua ya hujaji haina kizuizi kabla hajavuka kizingiti chake. Nikawaombea. Niliomba vizuri sana, kwa Kiarabu, nikasikia mmoja akisema, "Tazama nuru usoni." Ilikuwa jasho.

Shangazi aliingia ndani, akatoka na kichupa cha maji ya Zamzam, akakiweka mkononi mwangu mbele ya wote.

"Tutakwenda lini kambini?" nikamwuliza kwa sauti ya chini.

"Nenda peke yako. Safari hiyo haina maharimu."

Kambini, mara ya pili. Sikuketi. Nilipiga magoti, nikasema yote: birika, mchanga mara saba, barua, ofisi, uongo wangu wa siku ile. Mama Zaina hakuacha kuchambua maharage. Aliweka mabaya upande huu, mazuri upande ule, mpaka nilipomaliza.

"Katika barua," akasema, "uliandika majina yetu?"

"Hapana. Niliandika watu watatu, mmoja mgonjwa."

"Mmoja mgonjwa," akarudia. "Shangazi yako alinyamaza tu, akakuja kwa magoti. Weye uliandika, ukakuja umesimama. Yeye kumusamehe ilikuwa rahisi. Weye si rahisi."

"Najua."

"Hujui. Ile radhi niliyokupa, naichukua. Rudisha."

Sikujua namna ya kurudisha radhi. Hakuna kitabu changu kinachofundisha. Nikasema, "Nimerudisha."

Aliondoka, akarudi na kipande cha ubao wa sanduku la mgao na msumari mrefu. Akautia msumari motoni. Tukaenda makaburini, nyuma ya vibanda, ambako matuta yalikuwa mengi na karibu yote hayana alama. La mama yake alilijua kwa kuhesabu kutoka kwenye kichuguu. "Weye unajua kuandika," akasema. "Andika."

Nilichoma herufi moja moja, nikirudi kila mara kwenye jiko la jirani kuupasha msumari. NYOTA BINTI KITENGE. Ubao ulikuwa na kinundu, mkono ulikuwa unaruka, mstari ukapanda. Herufi ya mwisho ilikosa nafasi nikaishusha chini. Nilitazama kazi yangu, nikaona aibu kwa namna niliyoizoea maisha yangu yote.

"Nitafutie ubao mwingine," nikamwambia. "Nitaandika upya. Huu umepinda."

"Iache," akasema. "Inasomeka."

Aliusimika mwenyewe kwa jiwe. Hakusema amenisamehe. Kichupa cha Zamzam alikipokea, akakifunga kwenye ncha ya kanga, akaenda kumchukua Zaina kwa jirani. Nilingoja kidogo, nikaona sikuagwa, nikaondoka.

Wasomaji wa safari hutaka kujua mtu amejifunza nini. Mimi nimejifunza kwamba naweza kutawadha mara moja, kwa sababu najua sasa uchafu wangu uko wapi, wala si kwenye kiwiko. Bado wananiita Alhaji, nami naitika. Nikikataa watasema ni unyenyekevu, wanisifu zaidi, na nimewachoka.

Jioni ile nilirudi Ujiji na vumbi mpaka kwenye kope. Shangazi alikuwa uani na chungu cha migebuka, samaki wa ziwani. Hakunitazama.

"Kakusamehe?"

"Hapana. Ameichukua hata ile ya kwanza."

"Jina umeliandika?"

"Nimeliandika. Limepinda."

Alipakua sahani mbili, moja akaisukuma upande wangu.

"Kula, maharimu," akasema. "Ijumaa utarudi tena kule."